Ombi la Kupandisha Bei ya Vitanda vya Angani

Resmie Malko,
Kijiji cha Gurbardhë, milimani juu ya Përmet,
Albania.

Kwa Mkubwa anayepanga bei za viti vya mbele,
Shirika la Ndege, Boston, America.

Mheshimiwa, mwanangu,

YAH: KUOMBA BEI IPANDE NA IBAKI HUKO HUKO JUU

Salamu nyingi kwako, kwa mkeo kama unaye, na kwa mama yako, ambaye natumaini unakwenda kumwona. Mimi mzima ila magoti. Nimesoma madarasa manne tu, kwa hiyo Blerta, binti wa jirani, ataigeuza barua hii iwe ya lugha yenu. Nimemwonya asipunguze ukali.

Mwanangu wa pekee, Ylber, anaezeka mapaa ya watu huko Worcester. Ni miaka kumi na tisa sijamshika uso. Kumi na minne ya kwanza hakuwa na karatasi za ukaazi, na hilo si kosa lako. Karatasi amepata, mwaka wa tano huu. Tangu hapo kinachomzuia kuja kwa mama yake ni wewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Unashusha bei. Ylber ameapa hapandi ndege mpaka apate kile kiti cha mbele kinacholazwa kikawa kitanda, tena kwa bei ya mtu wa kawaida. Alipoanza kuuliza, kuja na kurudi ilikuwa dola elfu nne. Nikashukuru Mungu, nikajua atakata tamaa akae nyuma na wenzake. Wewe ukashusha ikawa elfu tatu. Akaniambia, "Mama, umeona? Inashuka, tungoje." Mwaka uliofuata ukapandisha. "Mama, imepanda mno, lazima ishuke, tungoje." Juzi imefika elfu moja na mia sita. Nikamwambia basi, njoo. "Mama, we! Tini inaelekea kuiva, wewe unataka kuichuma? Ikifika elfu moja na mia tano, naruka siku hiyo hiyo." Ikishuka tunangoja, ikipanda tunangoja. Niambie wewe, mtoto huyo atakuja lini?

2. Kitanda chenyewe. Ylber aliondoka hapa ndani ya lori la vitunguu lililokuwa linavuka kwenda Ugiriki. Nilimkunja mimi mwenyewe, magoti kidevuni, nikampanga katikati ya magunia, nikamfunika turubai. Alikaa hivyo kwa muda wa saa kumi na moja na hakusema hata "ah". Leo kuna kiti, kuna dirisha, kuna binti wa watu anapita kukuuliza kama umeshiba, na yeye anasema hawezi kukaa! Nilimtolea uvivu: "Umekuwa mtoto wa sultani?" Akacheka. "Niliondoka nimekunjwa, Mama. Narudi nimenyooka." Haya, majibu hayo amejifunza wapi kama si kwenu?

3. Njia. Anasema bei nzuri iko kwa anayezunguka. Mara moja alitaka kutoka Boston apande juu Kanada, avuke Lizboni, apite Istanbul, ndipo aje Tirana. Nikamuuliza, "Hao wote ni shangazi zako, uwasalimie kabla ya mama?"

4. Pointi. Mmempa kadi ambayo kila akinunua kitu, anahesabiwa pointi za kupandia ndege. Sasa ananunua. Akikosa cha kununua ananinunulia mimi. Nina mashine tatu za kukamua machungwa, Mheshimiwa. Kijiji hiki hakina mchungwa hata mmoja.

5. Umetuambukiza sote. Kila asubuhi Blerta anatoka na simu kibarazani, anainadi bei, na wanaume kwenye duka la kahawa wananyamaza kumsikiliza. Dervishi Baki, mtu wa Mungu, hafungui dua kabla hajauliza. Tulipokuwa tunamzika mzee Selfo, mtu nyuma yangu akanong'ona, "Imeshuka?" na mchimba kaburi akajibu, "Bado kidogo." Watu wakacheka mazikoni. Mjane wake hajatusamehe mpaka leo.

6. Pasha. Hapa naomba ukae chini.

Siku Ylber alipopata karatasi nilichagua mwanakondoo mweupe, sikio moja jeusi, nikamshika kichwa mbele ya Dervishi Baki nikasema: huyu ni wa siku mwanangu atakapovuka kizingiti. Kwetu mnyama wa nadhiri hauzwi, hatolewi zawadi, habadilishwi, wala haliwi na yeyote kabla ya siku yake. Nilimbeba nyumbani ndani ya aproni. Sasa hapiti mlangoni. Tunamwita Pasha. Amempandisha tarishi juu ya mti wa jozi mara mbili, ndiyo maana barua zetu tunarushiwa kutoka mtini. Nusu ya kondoo wa kijiji hiki wana sikio jeusi. Watoto wa wenzangu wanarudi kutoka Ujerumani na Italia, wamekaa viti vya nyuma, miguu imevimba, wanalia, wanakumbatiwa, na wanachinjiwa wajukuu wa Pasha. Babu mtu yuko bandani kwangu anangoja ofa.

Nilimwendea Dervishi Baki nikamwuliza kama naweza kubadili mnyama. Akasema, "Bi Resmie, Mungu umempa kondoo, sasa unataka kumletea kuku?" Basi. Pasha ameanza kung'oka meno, namlowekea mkate kwenye maziwa. Mimi nimebakiza sita. Tunakula bakuli moja, tunatazamana, kila mmoja anamhesabia mwenzake.

Kwa hiyo naomba kwa heshima:

Upandishe bei mpaka dola elfu ishirini na uape hutaishusha. Ikiwa wakubwa wako hawataki, ving'oeni vitanda hivyo, muweke viti vya mbao. Ikiwa hilo nalo gumu, mwandikieni Ylber kwamba vitanda vyote vimeingia kunguni. Uongo wa kumrudisha mtoto kwa mama yake hauandikwi dhambi, nimemuuliza Dervishi. Hakujibu, lakini hakukataa.

Nisalimie marubani wote, mabinti wanaogawa chakula, na wale wanaobeba mizigo, maana nao wana migongo. Ukipita huku nitakupa raki, pombe yetu ya zabibu, na jozi changa zilizopikwa kwa sukari, na maji ya machungwa, ukija na machungwa.

Ni mimi, mama wa abiria wako mtarajiwa,
Resmie Malko

N.B. Blerta alikuwa anataka kuibandika stempu ndipo Ylber akapiga simu. Amekata tiketi! Kiti cha nyuma, anafika Alhamisi. Amesema, "Mama, nimechoka kukungojesha." Nililia, nikatuma kisu kikanolewe, tarishi akapiga makofi huko huko mtini. Nikamuuliza, mwanangu, umepata dirisha? Akasema, "Cha katikati, Mama. Si kitu, nitajikunja. Nimezoea."

Blerta akafungua simu yake. Kiti cha mbele kimefika elfu moja na mia tano na arobaini.

Arobaini, Mheshimiwa! Kwa dola arobaini mwanangu aje amekunjwa, na mimi ndiye niliyemkunja mara ya kwanza kwa mikono hii? Nimempigia, nimemwambia airudishe tiketi hiyo. Ana mpaka kesho adhuhuri kurudishiwa pesa. Alipiga kelele, "Mama, miaka mitano unanililia!" Nikamwambia asinipandishie sauti, tini imebakiza siku mbili.

Kwa hiyo namba moja mpaka sita zipuuze, na matusi aliyoongeza Blerta pia. Shusha arobaini tu. Pasha nimemrudisha bandani. Ameniangalia kama anayejua kitu.