Mji Uliozama Mbele ya Nyumba Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Habari njema! Wakala wa watalii atakuja Jumatatu ijayo kuchagua nyumba moja ya kuwaleta wazamiaji wake msimu mzima. Nyumba za wageni hapa ufukweni ni mbili tu: yangu na ya jirani, tunayemwita Mapezi kwa sababu hata dukani huenda na miwani ya kuzamia kichwani. Mapezi ana matumbawe. Mimi nina mchanga. Mke wangu amenikumbusha kwamba kiwanja ni cha kaka yake. Tukikosa wageni, shemeji ataigeuza nyumba kuwa ghala la saruji. Nimemwambia atulie. Nchi hii ina jua, ina bahari ya vuguvugu, na ina mimi. Mtalii atake nini tena?

Jumanne, tarehe 4
Nimepata! Mzamiaji hafuati samaki. Samaki yupo hata sahanini. Anafuata maajabu. Nitampa mji wa kale uliozama. Tumehama milimani majuzi tu, lakini bahari nimeshaielewa: nimeitazama tangu juzi kutoka barazani. Maji husogea kidogo, kisha hurudi. Basi.

Alhamisi, tarehe 6
Mji umezama! Beseni la kuogea, nguzo mbili za geti, na choo cha kukalia, yaani kiti cha enzi. Shemeji alivibeba kwa boti yake mpya, akicheka peke yake. Kabla ya kuondoka aliipima sebule yangu kwa futi kamba. Mapezi alisimama ukingoni akapaza sauti: mzee, bamvua umeiulizia? Nilimjibu kwamba siombi ushauri kwa mshindani. Wivu huo!

Jumamosi, tarehe 8
Mke wangu ameuliza cherehani yake iko wapi, maana mapazia ya wageni hayajaisha. Nimesema iko kwa fundi. Iko baharini. Mji wa kale usio na mtambo ungeaminiwa na nani?

Jumatatu, tarehe 10
Wakala alifika saa nne asubuhi, mama mnene mwenye kofia pana. Nilimsimamisha barazani, nikaipa bahari mgongo, nikamsimulia mfalme, mafuriko na hazina. Akauliza kama mtungi wa hewa utahitajika. Nikasema bila mtungi hatoki mtu mzima. Akauliza tena, akinyoosha kidole nyuma yangu, kama ule ndio mji wenyewe.

Niligeuka. Bahari haikuwepo! Imekwenda kule mbali, kama mstari wa kalamu. Mji wangu wote umesimama kwenye tope, na kunguru juu ya kiti cha enzi. Mke wangu akapita mbio, sketi mkononi, akilia cherehani yangu, cherehani yangu jamani! Mapezi akaja kunieleza, taratibu kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba hizi ni siku za bamvua: maji hujaa hadi mlangoni, kisha hukauka hadi huko. Siku zile nilipokuwa nikitazama, alisema, bahari ilikuwa imelala tu.

Wakala alicheka hadi akakosa pumzi. Akatembea kwa miguu hadi katikati ya mji, akakaa kwenye kiti cha enzi, akapigwa picha. Kisha akamchagua Mapezi.

Jumanne, tarehe 11
Shemeji ameleta mifuko ya kwanza ya saruji. Mke wangu, anayekamua maji kwenye cherehani, amesema neno moja tu, nami sitaliandika. Nimekaa juu ya mfuko nikafikiri kwa utulivu, na kosa nimeliona. Mji ulikosa meli! Nani atafunga safari kuja kuona mji uliozama usio na hata meli moja iliyozama? Boti ya shemeji ni mpya, nzuri, na inaelea pale bila kazi yoyote. Nimeshaazima kekee ya kutobolea mashimo kwa Mapezi. Hakuuliza ya nini. Maji sasa hivi yamefika kizingitini. Nimeyatazama vizuri. Haya hayatoki tena.