Nyama Isiyojua Haraka

Migosi, Kisumu
Jumanne, saa nane mchana, kabla ya kula

Kwa Shemeji Wakhungu,
Kimilili.

KUH: CHUNGU CHA MAMA YENU

Shemeji mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, watoto na ng'ombe. Sisi huku tuko salama, ila mimi. Nakuandikia kwa kuwa wewe ndiwe mkubwa wa nyumba iliyonipa mke, na kwa kuwa jambo lenyewe siwezi kulisema kwa simu. Nikiongea na simu hapa nje, mhusika ananisikia kule jikoni.

Mama alipokuja kutolewa mtoto wa jicho nilifurahi kwa moyo wangu wote. Mila tuliizingatia. Usiku analala kwa jirani, Mama Ooko, maana mama mkwe halali kwa mkwewe. Mimi simtazami usoni, simpi mkono, hatukai chumba kimoja, wala jina lake halitoki kinywani mwangu. Hayo yote nayaheshimu. Lakini daktari alimwambia apumzike wiki tatu, naye akapumzika siku moja. Siku ya pili alifungua leso, akatoa chungu alichokibeba kutoka kwenu, akaketi jikoni kwangu. Tangu hapo ninaonewa, kama ifuatavyo.

1. Muda. Chungu hubandikwa saa tatu asubuhi na kuepuliwa saa tisa. Saa sita nzima, Shemeji! Nyama ya kifua pamoja na mifupa yake hukaangwa kwanza kwa mafuta yake yenyewe mpaka ishike rangi. Vitunguu vinafuata, nyanya zinafuata, kisha makaa yanafunikwa majivu na nyumba nzima inaambiwa isubiri. Eti moto wa majivu hauna moshi, kwa hivyo daktari hawezi kulalamika. Huku ziwani hatujazoea mambo hayo. Samaki akitoka ufuoni Dunga asubuhi, saa saba yuko tumboni, na hata mtu aliyeng'olewa magego matatu mwezi wa nne, kama mimi, humla bila kutoa jasho.

2. Kazi. Unajua mimi ni fundi wa friji na karakana yangu ni veranda, hatua nne kutoka jikoni. Harufu ile ikianza kuzunguka saa tano, mikono yangu haisikii tena la kichwa. Wiki jana nilitengeneza friji ya mama mmoja muuza samaki. Ameirudisha. Anasema inapasha moto.

3. Mlango. Aliyejenga nyumba hii hakuwa na mama mkwe. Kutoka chumbani kwenda nje lazima upite jikoni, na jikoni ameketi mtu ambaye sistahili kumpita. Kwa hivyo natumia dirisha la chumbani, ambalo kwa bahati halikuwekwa vyuma. Siku ya kwanza jirani yetu Oluoch alinishika mguu akaita watu, akidhani ni mwizi. Sasa ameshazoea. Hunisaidia kushuka, kisha ananiuliza, "Omera, ndugu yangu, leo inanukia aje?"

4. Mawasiliano. Kwa kuwa hatusemezani ana kwa ana, tunasema na paka wetu, Gordon. Juzi nilisimama chini ya dirisha la jikoni nikauliza kwa adabu, "Gordon, hiyo nyama bado tu?" Jibu likatoka ndani: "Gordon, mwambie mwenye haraka kwamba huyu ng'ombe alichukua miaka minne kukua. Hatamalizwa kwa dakika arobaini." Gordon, ambaye hakuwa amesema lolote, alipewa kipande. Mimi nilipewa methali ya subira.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Kula mbele yake siwezi, kwa hivyo nangoja ale, aoshe vyombo, aondoke. Lakini saa tisa kamili Oluoch huja kumjulia hali, na Mama Ooko huja kumwangalia jicho. Jicho hilo wiki hii limeangaliwa na watu saba, wote wakiwa wamenawa mikono. Oluoch hana ukwe na mama yenu, hakuna mila inayomzuia, anamega ugali kama yuko kwao! Dada yako Mercyline hujitahidi kunifichia bakuli, ila kinachonifikia huku veranda ni mchuzi na kipande kimoja. Kipande chenyewe ukikitazama tu kinaachana na mfupa. Shemeji, sitakuficha, kimewahi kunitoa machozi. Mimi nililelewa na baba peke yake, na baba alijua kuchemsha tu. Sijawahi kupikiwa na mtu asiye na haraka.

Kwa hayo, naomba uje Jumamosi umchukue mama. Ikishindikana, mnunulieni sufuria ya presha. Na hilo likishindikana, wazee wa ukoo wakae waamue kwamba ndoa yangu na dada yako isimamishwe kila siku kuanzia saa tisa hadi saa kumi. Katika saa hiyo nitakuwa mgeni wa kawaida kama Oluoch: nitaingia kwa mlango, ninawe, nile. Saa kumi na dakika moja tunaoana tena. Mahari isirudishwe, ni saa moja tu.

Nisalimie wazee wote, shemeji zangu wote, na yeyote huko aliyekwisha kula.

Ni mimi shemeji yako, mwenye heshima na njaa,

Waswa

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mercyline ameisoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. Anasema kwenu Mama hupika nyama saa moja na nusu, kama watu wote. Siku ile ya pili yeye Mercyline alimsimulia Mama habari ya magego yangu, na Mama akasema mkwe wake hatakosa nyama kwa sababu ya meno. Bakuli halifichwi na Mercyline. Mama mwenyewe huchagua kile kipande kutoka chini kabisa ya chungu, na kukiweka kando kabla Oluoch hajabisha hodi.

Nimerudi chini ya dirisha la jikoni nikamwambia Gordon anishukurie. Nimejibiwa kupitia kwake kwamba kesho mwenye haraka alete makaa.

Kwa hivyo Jumamosi usije. Mama anasema jicho limepona na anataka kurudi shambani, lakini mkoba wake wa safari Gordon ameulalia tangu asubuhi, na wewe mila unaijua: mkoba wa mama mkwe mimi siugusi.