Ukuta Uliothibitishwa Kazini

Mzee Bisibisi, fundi wa Idara ya Uwazi, hakuwa na meza, hakuwa na kiti, hakuwa na msumari wa kutundika koti lake, wala koti lenyewe. Zaidi ya yote, hakuwa na barua ya kuthibitishwa kazini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtumishi wa muda, na mwisho wa mwezi huo angetimiza sitini na kustaafu. Wa kudumu hustaafu na kiinua mgongo. Wa muda huambiwa asante, tena kwa mdomo. Kila jioni mkewe alimuuliza neno moja tu, "Imetoka?" Naye alijibu, "Bado iko mezani."

Ndipo likatoka tangazo. Kwa heshima na taadhima, watumishi wote walijulishwa kwamba Mkurugenzi, aliyekuwa safarini ng'ambo kujifunza uwazi, angewahutubia kesho yake moja kwa moja kupitia televisheni ya inchi tisini na nane, itakayofungwa kwenye ukuta wa ukumbi. Neno "ukuta" lilipigiwa mstari.

Televisheni ilibebwa na wanaume sita, na wawili kati yao hawakurudi kazini siku hiyo. Bisibisi aligonga ukuta kwa kidole. Ukaitika kama sanduku lisilo na kitu.

"Huu haubebi," alimwambia Naibu Mkurugenzi. "Ni mbao laini tu za kutenga stoo. Ukuta wa muda."

"Wa muda gani?"

"Nilipoajiriwa niliukuta."

"Basi una uzoefu kukushinda."

"Nikipata ufunguo wa stoo, mkuu, nitaukaza kwa boriti upande wa nyuma."

"Ufunguo anao Mkurugenzi. Ameondoka nao ng'ambo."

Naibu hakuwa mtu wa kushindwa na mbao. Aliitisha Kamati ya Dharura ya Kuta, ambayo ilikaa saa mbili na kubaini kwamba kasoro ya ukuta haikuwa wembamba wake bali hadhi yake. Saa nane mchana barua ikabandikwa juu yake: "Kwa kuzingatia utumishi wako mrefu usio na utoro, umethibitishwa kuwa wa kudumu kuanzia leo."

Bisibisi aliisoma mara mbili. Kila neno alilijua, maana ndiyo barua aliyokuwa akiiota.

"Sasa una kisingizio gani?" Naibu aliuliza.

"Sina, mkuu. Ukuta umeshanipita cheo."

Akafunga fremu ya chuma kwa skrubu kumi na sita, televisheni ikapandishwa.

Asubuhi ukumbi ulijaa, isipokuwa viti vya mbele, vya wageni rasmi, ambao kwa mujibu wa itifaki walikuwa wamechelewa. Mkurugenzi akatokea kwenye kioo, koti zito na tai, maghorofa nyuma yake.

"Niko mbali nanyi," alisema, "na baridi ya huku inatoboa mifupa."

Watumishi wakasifu sauti. Ilikuwa safi kana kwamba anaongea chumba cha pili.

Ukuta ulilia mara moja, kama karatasi inayochanwa, kisha ukalala kifudifudi juu ya viti vya wageni rasmi, pamoja na televisheni na barua yake. Vumbi lilipotulia, Mkurugenzi alionekana stooni mbele ya kompyuta, koti na tai juu, bukta chini, miguu ndani ya beseni la maji. Maghorofa yalikuwa picha iliyobandikwa kwa gundi nyuma yake.

"Karibu nyumbani, mheshimiwa," alisema Bi Muhtasi, karani wake. "Pole na safari."

Kesho yake Mkurugenzi alitaka kichwa cha Bisibisi.

"Haiwezekani," Bi Muhtasi alimwambia. "Kanuni zinamshtaki mtumishi aliyethibitishwa tu. Huyu mzee ni wa muda, hatuna pa kumshikia."

"Basi mthibitishe."

"Kuanzia leo?"

"Kosa limetendeka jana. Mthibitishe tangu siku aliyoajiriwa, asiponyoke popote."

Bi Muhtasi alichapa haraka kuliko siku zote. Mkurugenzi akatia saini barua mbili: ya kwanza ikimthibitisha Bisibisi kwa miaka kumi na tisa iliyopita, ya pili ikimtaka ajieleze.

"Anajieleza kwangu?"

"Kwa Waziri, mheshimiwa. Moja kwa moja, bahasha ikiwa imefungwa. Ndiyo haki ya mtumishi wa kudumu."

Jioni mkewe aliuliza, "Imetoka?"

"Imetoka," alisema Bisibisi. "Nipe kalamu."

Aliandika kwa mwandiko wa kunyooka: "Mheshimiwa Waziri, nakiri kosa. Niliuamini ukuta kwa sababu ulikuwa umethibitishwa. Sikuukaza kwa nyuma kwa sababu ufunguo wa stoo ulikuwa ng'ambo, na ng'ambo ilikuwa stoo. Mashahidi ni watumishi wote wa Idara ya Uwazi, ambao siku hiyo waliuona uwazi kwa mara ya kwanza."

Asubuhi alilamba bahasha, akaifunga, akaipiga pasi kwa kiganja. Bi Muhtasi akagonga mhuri, akaitia kwenye mfuko wa posta, na mfuko ukaondoka.