Indiketa Angani

Jumatatu, 4 Mei
Nimekufa tena. Sekunde arobaini na moja. Jua la mchezo lilinimulika machoni, kwa hiyo haihesabiki.

Shemeji haelewi mambo ya jua. Ni mdogo wake mke wangu, na ndiye mwenye ukumbi wa michezo ya video ulio ukuta mmoja na shule yetu ya udereva. Ametangaza kwamba Jumamosi kikosi chetu, yaani yeye, kinyozi na mimi, kitapigana angani na kikosi cha mtaa wa pili. Atakayekufa wa kwanza kati yetu atampisha mwokaji mikate kiti chake. Wa kwanza huwa mimi! Kiti changu ni kile cha dirishani, miaka miwili nimekikalia, kimeshachukua umbo langu. Nafundisha udereva mwaka wa kumi na moja bila mkwaruzo, leo niambiwe sijui kuendesha?

Na huyo mwokaji ni mwanafunzi wangu. Nimemfelisha mara tatu. Hawashi indiketa.

Jumanne, 5 Mei
Mbinu ya kwanza: kujificha. Nikaegesha chombo changu nyuma ya jiwe kubwa linaloelea angani, nikazima injini. Dakika tatu nzima! Adui wanapita, mimi kimya. Nikaanza hata kumhurumia mwokaji.

Kumbe mawe ya huko hayatulii. Jiwe likaenda zake, nikabaki peupe. Kuwasha injini kwa kufuata utaratibu kunataka sekunde sita. Nilifika ya nne.

Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye hufa wa pili siku zote, nyuma yangu tu, na anajiona bingwa.

Jumatano, 6 Mei
Somo na mwokaji. Alikata kona ya posta bila taa, mikono ina unga. Nikamkanya. Akaniuliza, kwa adabu zote, kwa nini mchezoni nawasha taa ya ubavuni kila mara kabla ya kugeuka. Eti adui wote wameshaijua, wananingojea konani.

Nikamjibu kwamba ustaarabu hauna likizo. Lakini maji yalikuwa yamenifika shingoni, nikamwambia kuna swali jipya la nadharia: dereva anayefukuzwa kwa makombora afanye nini? Akajibu bila kufikiri. Asiende mstari mmoja. Akiona adui yuko mgongoni, afunge breki ghafla, apitwe, ampige. Ngao ikipungua akimbie, asione haya. Nikaandika yote, nikamwambia amepata nusu ya alama.

Alhamisi, 7 Mei
Nimejaribu. Mkono wenyewe unakwenda kwenye taa! Nimebandika plasta juu ya vitufe vyake vyote viwili.

Mke wangu anasema hata mezani natazama kulia na kushoto kabla ya kuchukua chumvi. Hilo ni jambo zuri, sioni kwa nini alilisema kwa huzuni.

Ijumaa, 8 Mei
Leo nimepata akili. Mwokaji husambaza mikate kwa baiskeli, na tajiri yake amemwahidi gari siku atakapofaulu. Gari maana yake maduka mengi zaidi. Maduka mengi maana yake Jumamosi nzima yuko barabarani. Asipokuwepo, Shemeji atampa nani kiti?

Nikamjaribu saa nne. Kona ya posta akawasha indiketa, mapema kabisa, na kunitazama kama mtoto anayengoja sifa. Kwa kweli aliendesha vizuri. Ningemfaulisha hata bila hila, lakini hila ilikuwepo tayari. Alipopokea cheti alilia. Akasema ameamka saa kumi alfajiri miaka saba akiiwazia siku hii. Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Jumamosi, 9 Mei
Saa tisa alasiri, vita. Mwokaji hayupo. Nikakaa kitini kwangu kwa raha.

Saa tisa na dakika tano akaingia. Eti kwa gari amemaliza kabla ya adhuhuri kazi ya siku nzima. Akanishukuru tena, mbele za watu!

Basi nikapiga moyo konde. Dakika ya pili kinyozi anatoa moshi, ngao hana. Bado kidogo tu afe yeye wa kwanza. Adui akanikalia mgongoni. Nikafunga breki. Akanipita. Nikampiga! Wa kwanza maishani mwangu, sikuamini macho yangu, hata Shemeji alisimama.

Kisha kikatokea chombo kingine upande wa kulia. Anayetoka kulia hupishwa. Nikampisha.

Makombora mawili. Kinyozi alikuwa bado hai, na moshi wake.

Mwokaji hakucheka. Aliniinamia akasema polepole, "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kupisha watu. Lakini huko angani hakuna atakayekupisha."

Nikainuka. Kiti kilikuwa bado na joto alipokikalia. Iliniuma, siwezi kusema uongo.

Jumapili, 10 Mei
Nimelala na jambo hili na kosa nimeliona: sikuwa na kioo. Mtu utapiganaje bila kuona nyuma?

Nimefungua kioo cha kushoto cha gari la mafunzo, nikakifunga kwa waya kando ya televisheni ya akiba, ile iliyo ukutani, mbali na dirisha, niliyopewa sasa. Wanafunzi wa kesho watageuza shingo, ni mazoezi.

Kioo kinafanya kazi vizuri mno. Kinaonyesha dirisha, kiti changu, na mwokaji juu yake akishinda vita vya tano.

Kesho nafungua na cha kulia.