Nafasi Juu ya Jedwali

Jumatano, 4 Juni

Baba amefariki jana alfajiri. Simu bado naiweka karibu na mto, asije akapiga nisisikie. Mjinga mimi.

Kikao cha familia leo. Dada, mkubwa wetu, amegawa kazi. Mimi nipange karatasi ya ratiba ya mazishi, maana ndiyo kazi yangu pale kiwanda cha uchapaji. Sawa. Neno la watoto atasema Kitindamimba. Kitindamimba! Na mimi mtoto wa kiume wa kwanza nipo, mzima, na sauti yangu. Dada anasema nikishika kipaza sauti hakitoki mkononi. Eti kwenye harusi yake chakula kilipoa. Kilipoa chenyewe.

Alhamisi, 5 Juni

Jedwali limekaa vizuri ukurasa wa ndani, chini ya picha ya Baba: saa, shughuli, mhusika. Mstari wa mwisho kabisa, Neno la Watoto, na jina la mdogo wangu. Dada amepitisha. Akasema Baba angefurahi. Nikaenda kulia chooni.

Huko huko chooni nikapata wazo.

Shughuli itaongozwa na Mjomba, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kufuata karatasi neno kwa neno. Jina siwezi kulifuta, Dada atanichuna ngozi. Lakini nafasi ya juu ya jedwali naitawala mimi. Nikiiongeza, jedwali linashuka, na mstari wa mwisho unahamia ukurasa wa nyuma, chini ya shukrani, ambako hakuna asomaye. Mjomba atafika mwisho, ataangaza macho akitafuta mtoto wa kusema. Atanikuta nimeshasimama. Akiuliza mtu, nitasema picha ilikuwa imebanwa, nikaipa nafasi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeongeza. Jedwali limeshuka kwa adabu. Pembeni pametokea alama nyekundu. Programu hii inapenda kulalamika! Nimechapa nakala zote.

Jioni nikageuza ukurasa wa nyuma. Mstari haupo! Kumbe ile alama nyekundu ilikuwa inaonya: sikuunganisha jedwali na ukurasa wa nyuma, kwa hiyo mstari uliozidi umebaki ndani ya kompyuta. Jasho. Karatasi imekwisha, duka limefungwa. Nikajituliza: umejificha kuliko nilivyopanga, basi.

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Nikifika pale Baba anaponifundisha kufunga kamba za viatu, sauti inakatika. Nimejaribu mara nyingi. Inakatika palepale.

Jumamosi, 7 Juni

Majirani walimaliza kusema. Mjomba akatazama karatasi, akaikunja. Nikasimama.

Watu wakadhani ndiyo ishara. Wakasimama wote! Viti vikaburuzwa, wabebaji wakashika jeneza, Mjomba akasema twendeni. Nilifungua mdomo, halikutoka neno. Umati ukanisukuma hadi kaburini.

Baba amezikwa bila neno la mtoto wake hata mmoja. Mzee wa watu ana watoto watatu, na wa mwisho kumsemea ni jirani, aliyesimulia habari za bomba la maji lililopasuka. Nimemkosea Baba. Naandika haya na machozi yananitoka.

Usiku Kitindamimba alinikuta uani. Hakugomba. Alisema alidhani Mjomba amesahau, akaona haya kudai. Kisha akasema, "Kaka, mimi nilitaka niseme mawili tu, halafu nikuite wewe. Nilijua nisingeweza kumaliza."

Nilitaka kumwambia. Nikamwambia ni hitilafu ya mashine. Akanishika bega, akasema nisijilaumu.

Jumatano, 18 Juni

Siku zote hizi sikuandika. Nimejifunza. Mambo ya familia sitayachezea tena.

Fundi wa jiwe la kaburi amekuja leo. Dada anataka jina la Baba, tarehe zake, na chini yake majina yetu watatu, mstari mmoja, sawasawa. Kupanga nimepewa tena mimi. Dada alisitasita, Kitindamimba ndiye aliyenitetea. Fundi ametuonya kwamba kwenye jiwe hakuna kufuta. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, hiyo ndiyo kazi yangu.

Nimefungua kompyuta kutazama. Majina yamebanana mno. Nikiongeza nafasi baada ya jina langu, kidogo tu, Kitindamimba atashuka mstari wa chini, kule majani yanakoota. Mimi nitabaki juu, karibu na Baba. Hakuna atakayegundua.