Kaseti Iliyonasa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeonewa! Leo asubuhi mama mwenye shule yetu ya udereva kagawa magari. Jipya, lenye kiyoyozi, kapewa Miwani, mwalimu aliyenikuta kazini na ambaye hupaki kwa kusikilizia bampa inapogonga ukuta. Mimi nimepewa kuukuu la marehemu mumewe. Eti mimi ni mzoefu, nitalimudu. Nilitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Na balaa halijaisha. Kuna kaseti imenasa redioni. Haitoki. Ukiwasha gari tu, muziki huo! Kitufe cha sauti kiling'oka zamani. Nyimbo za miaka ya themanini, mimi bado nabebwa mgongoni: vinanda vinalia kama kengele za baiskeli, wasichana watatu wanaitikia huu, huu, huu.

Kati ya wanafunzi wangu yumo Mkunga wa zahanati, mama wa miaka hamsini na ushei. Kashaanguka mtihani mara tatu. Kila akiondoka, gari linazimika. Leo limezimika mara kumi na tisa. Mimi nahesabu, yeye anaitikia huu.

Mpango: kesho nitasema klachi ni mbovu. Nibadilishiwe gari.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umebuma. Fundi kaja, kakagua, kasema klachi nzima kuliko mwalimu. Mama mwenye shule akanikumbusha kwamba mtihani wa Mkunga ni Ijumaa. Akianguka mara ya nne, mimi nahamia darasani kufundisha alama za barabarani kwa chaki. Kwa Mkunga mambo ni mazito zaidi. Zahanati imepata gari la kuwafuata wajawazito wa mbali, na wiki ijayo litakabidhiwa kwa mwenye leseni. Asipokuwa yeye, atakuwa mwingine.

Halafu likatokea jambo. Wimbo wa tatu.

Msichana anamdai mpenzi wake mwavuli. Basi! Hakuna kingine. Wameachana, moyo kamwachia, ila mwavuli wake anautaka. Besi inatembea chini ya sauti yake kama mtu mzima aliyeshiba. Kisha tarumbeta zinaingia zote kwa pamoja. Vinyweleo vilinisimama! Nikajifanya najikuna.

Mkunga aliniona. Akapaki (yaani gari lilizimika) akanisimulia enzi zao. "Mwalimu, kila Jumamosi tulikuwa tunakaa mbele ya redio na kalamu. Mimi nadaka mstari wa kwanza, dada yangu wa pili. Ukipiga chafya, umetupotezea ubeti. Huo wa mwavuli ulituchukua wiki tano."

Wiki tano kwa wimbo mmoja! Mimi nyimbo nazitupa kama maganda ya karanga.

Jumatano, 5 Machi

Nimekula cha mchana ndani ya gari, vioo juu. Kaseti hairudi nyuma. Ukiutaka wimbo wa tatu tena, sharti uzisikilize zote nane. Nimezisikiliza zote nane. Mara nne. Watu wale walijua kazi! Hakuna aliyekuwa na haraka. Hata wimbo ukiisha hauishi, unaondoka taratibu kama mgeni anayesindikizwa, na wewe umebaki umeegemea usukani, unamtazama anavyopotelea kwenye kona.

Jioni mke wangu akaniuliza ni nani huyo anayenifanya niimbe wakati nanawa mikono. Nikajibu kijinga. Nikasema ni mama mmoja mwenye sauti nzuri, yumo ndani ya gari.

Akavaa viatu hapo hapo, tukatoka nje nilikopaki gari.

Akakaa kiti cha mbele, mikono kaikunja kifuani. Wimbo wa kwanza, mikono ile ile. Wa tatu, mikono imeshuka. Wa sita, kaniambia ninyamaze, ingawa sikuwa nasema kitu. Kisha akashuka, akasema kelele tupu, akaenda zake huku akiitikia huu, huu.

Hatari: Miwani alikuwa anapita njiani, katusikia. Kachungulia dirishani, kauliza kama naweza kumwachia gari siku moja tu, tubadilishane. Jumatatu ningemkabidhi na mafuta juu. Leo? Thubutu! Mpango mpya: nitasema lina kunguni.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimwambia Miwani saa mbili, kwa siri. Saa tatu siri ilikuwa kwa mwuza magazeti. Wanafunzi wangu watatu wamehamia gari jipya, mmoja akijikuna tayari. Mama mwenye shule kaja na pampu ya dawa, akaniamuru ning'oe viti vyote nivianike juani. Nimeng'oa. Nimeanika. Nimerudisha. Mgongo si wangu tena.

Mkunga peke yake hakukimbia. Alisema amezalisha watu mahali ambapo hata kunguni wangekataa kulala.

Na hapo nikagundua kitu kikubwa! Kwenye wimbo wa mwavuli besi hugonga mara nne, kisha inapumua. Nikamwambia Mkunga: mguu juu ya klachi, moja, mbili, tatu, ya nne achia. Gari likaondoka kama limepakwa siagi. Mara kumi kati ya kumi! Hata kwenye mlima! Alipiga usukani kwa furaha mpaka honi ikalia, na mimi machozi yalinilengalenga. Ni ile dawa ya kunguni.

Mimi ni kichwa. Nitaipa njia hii jina langu.

Ijumaa, 7 Machi

Mtihani. Afande msimamizi akaingia garini, Mkunga akawasha, tarumbeta hizo! Afande akataka kimya. Nikamweleza kwa adabu, dirishani, kwamba muziki huu ni sehemu ya gari, sawa na magurudumu. Akachomoa fyuzi ya redio kwa vidole vyake mwenyewe.

Kimya. Gari likazimika. Mkunga akawasha, likazimika tena. Mara ya tatu ndiyo basi, anaanguka. Nje ya uzio nilikosimama nikamwona Mkunga kupitia kioo cha gari, midomo imemkauka, kaushika usukani kama kamba ya kisima.

Sikufikiri. Niliruka uzio, nikasimama kati ya koni, nikaimba. Besi kwa mdomo, tarumbeta kwa pua, msichana kwa sauti niliyoazima sijui wapi. Nirudishie mwavuli wangu! Wanafunzi wa Miwani walikaa chini kwa kucheka. Askari wawili wakanijia, mmoja kila upande. Sikuacha. Nilikuwa nimefika kwenye tarumbeta.

Na gari likaondoka! Laini! Likapanda mlima, likasimama, likaondoka tena, likazunguka koni zote, na mimi nayaona yote hayo nikiwa nimeshikwa makwapa.

Kafaulu!

Mkunga alishuka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikamwambia asinishukuru, ni njia yangu ya besi. Akacheka mpaka akajifuta macho. "Mwalimu, besi sikuisikia hata moja. Uliuharibu ule wimbo vibaya mno! Nilikasirika, nikauimba mwenyewe moyoni, vizuri, nionyeshe unavyoimbwa. Hofu nikaisahau."

Nimepigwa marufuku uwanja wa mtihani mwezi mzima. Watu ni mahasidi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mwenye shule kaniita ofisini. Nilijiandaa kwa chaki. Kumbe sifa! Mwanafunzi aliyeshindikana nimemfaulisha, nastahili zawadi. Akanikabidhi funguo za gari jipya mbele ya wote. Lile kuukuu kapewa Miwani.

Nilishukuru. Nilitaka kulia. Miwani alipita dirishani kwangu polepole, kiwiko nje, anaitikia huu, huu. Kiyoyozi kikanipuliza usoni.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelitafakari jambo hili siku mbili na nimepata njia safi, isiyo na uongo mkubwa.

Nimejaza fomu ya kujiunga na shule yetu. Mwanafunzi mpya, hajawahi kushika usukani maishani, anaomba afundishwe na Miwani tu, saa za mchana ambazo mimi sina somo. Jina nimeandika la binamu yangu. Karani alinitazama sana, nikakohoa kwa sauti ya binamu.

Masharubu nimenunua. Kofia nimeazima kwa baba mkwe, imenishuka mpaka masikioni. Haidhuru. Nitaitoboa pembeni, nisikie vizuri.