Rufaa Haikatwi Hospitali

Jumatatu, 3 Machi
Matokeo ya ufundi bomba yamebandikwa. Rula, mwenzangu wa dawati moja, anayepima hata mkate kabla ya kuukata, 61. Mimi 38! Mkufunzi anasema koki yangu ilivuja. Ilivuja kidogo tu, tena kwa adabu. Mjomba, fundi mkuu, amenishikia nafasi ya kazi mpaka Jumatatu ijayo. Nisipoleta cheti, anamchukua Rula. Dada, ninayekula kwake, kasema bila cheti nitafute sufuria yangu. Chini ya matokeo wameandika: asiyeridhika akate rufaa ndani ya siku tano. Rufaa naijua. Wao ndio hawanijui.

Jumanne, 4 Machi
Hospitali ya rufaa, saa moja asubuhi. Foleni mpaka saa saba. Muuguzi kanipima presha, kauliza naumwa wapi. Nikamwambia kwenye alama. Kanielekeza, taratibu sana, kwamba rufaa ya chuo inakatwa chuoni. Presha yangu lakini nzuri mno.

Jumatano, 5 Machi
Nimeandika kurasa nne: mkufunzi ananionea kijicho. Mama karani wa chuo kasoma moja na nusu, akashusha pumzi.

“Mwanangu, kijicho hakina fomu. Mtihani wenyewe ulikwendaje?”

Nikamsimulia, soga tu, jinsi maji yalivyokatika nikapewa dakika ishirini badala ya arobaini. Akaandika hilo kwenye fomu kwa mkono wake. Nikatia sahihi kumfurahisha. Kurasa zangu nimezibana nyuma.

Ijumaa, 7 Machi
Kamati imekubali! Narudia kesho, dakika zote arobaini. Kijicho kimewaingia. Rula anadai ni zile dakika. Nimemhurumia.

Jumamosi, 8 Machi
52! Koki kavu kama salamu ya Rula. Saa nne cheti mkononi. Mjomba kasema niripoti Jumatatu, saa mbili kamili.

Ila 52, na Rula 61? Nimerudi kwa mama karani kukata rufaa nyingine. Kanionya: alama huweza kushuka, na cheti kinarudi kabatini mpaka kamati ikae. Wiki tatu. Nimemkabidhi cheti. Safari hii kurasa saba.

Mjomba kamwita Rula. Sina wasiwasi. Rula mwenyewe kaniahidi atanishikia nafasi. Hata ovaroli atanivalia, isipoe.